Miaka Saba ya Kusoma

Mwaka 1893 mtu mmoja, jina lake Musa Yakuganda, aliwaendea wamisionari wa Kianglikana pale Mengo, mji wa Kabaka wa Buganda, akiwa na ombi moja: atangazwe kwamba amerudi kwenye upagani. Walipomuuliza sababu, alisema dini yao haimfai kitu. Wakamuuliza kama anajua anachokisema. Jibu lake limetufikia kupitia Kiingereza cha wamisionari, lakini hata humo ukali wake haukupotea. Alikuwa amesoma miaka saba, wanadhani haelewi? Dini hiyo haikumsaidia hata kidogo, na yeye alikuwa amemalizana nayo.

Kisa hiki kimo katika kitabu cha maisha ya mmisionari George Pilkington kilichotoka mwaka 1898. Nilikuwa natafuta habari za ubatizo kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, si habari za watu walioacha dini. Kumbukumbu za misheni kwa kawaida huhesabu wanaoingia. Anayetoka hutoka kimyakimya. Haonekani Jumapili ya kwanza, ya pili, basi. Musa hakutaka kutoka hivyo. Alitaka litangazwe. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mtu aliyeichoka dini ajisumbue kuifuata hadi mlangoni na kuiaga, na jibu ninaloliona ni kwamba alikuwa ameichukulia kwa uzito kuliko wengi waliobaki ndani.

Tuanze na hilo neno "kusoma". Kwa Luganda *okusoma* ni kusoma kitabu, lakini pia ni kushika dini na kwenda kanisani. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa *abasomi*, wasomaji. Hata Uislamu, uliotangulia kufika ikulu pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, ulikuwa dini ya kitabu, na Kabaka Mutesa mwenyewe alifunga Ramadhani kabla wamisionari hawajafika mwaka 1877. Walipofika, lugha yao ya kwanza ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, na Maandiko ya kwanza waliyoyatumia yalikuwa ya Kiswahili. Neno *eddiini* la Waganda ni dini yetu hii ya pwani. *Essaala* yao ni sala. Kwa hiyo kijana wa Mengo alipojifunza silabi, akashika maswali ya katekisimu na majibu yake, akapewa jina la Musa au Yohana, huko kote kuliitwa kusoma. Alikuwa Mkristo kwa namna ambayo mtu wa leo ni mhitimu.

Ukihesabu miaka saba nyuma kutoka 1893 unafika 1886. Kama hesabu ya Musa ilikuwa sawa, alianza kusoma mwaka uleule ambao vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walichomwa moto Namugongo. Kusoma wakati huo kulikuwa hatari ya kufa. Ndani ya miaka saba hiyo Mwanga alipinduliwa, Wakristo wakafukuzwa Mengo, wakakimbilia upande wa Ankole, wakarudi na silaha, wakamrudisha Mwanga kwenye kiti, kisha wao kwa wao, Waprotestanti na Wakatoliki, wakapigana Mengo Januari 1892. Waprotestanti walishinda kwa msaada wa Kapteni Lugard na bunduki za Kampuni ya Kiingereza. Baada ya vita, vyeo na ardhi viligawanywa kwa dhehebu. Buddu ikawa ya Wakatoliki, na sehemu kubwa ya vyeo vya uchifu ikaenda kwa Waprotestanti.

Kwa hiyo 1893 ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote kuwa Mprotestanti Buganda. Kusoma, kulikokuwa njia ya kwenda kwenye kuni za Namugongo, sasa kulikuwa ngazi ya kwenda kwenye uchifu. Na huo ndio mwaka ambao Musa anasema dini haimfai. Msomaji mwenye haraka anaweza kudhani alikuwa na uchu wa mali akakosa. Mimi sioni hivyo. Mtu mwenye uchu asingedai atangazwe mpagani katika mwaka ambao upande wake umeshinda. Angenyamaza, angekaa kwenye benchi na kusubiri shamba lake. Faida aliyoikosa Musa haikuwa ile iliyokuwa ikigawanywa.

Jambo ambalo Musa hakulijua ni kwamba mmoja wa walimu wake alikuwa na tatizo lilelile.

Pilkington alizaliwa Dublin mwaka 1865, akasoma Kigiriki na Kilatini Cambridge, akafika Buganda mwishoni mwa 1890. Alikuwa na kipaji cha lugha kisicho cha kawaida. Ndani ya miaka michache, akishirikiana na Henry Wright Duta, Mganda, alikuwa anaandika sarufi na kutafsiri Maandiko. Kila siku mikono yake ilikuwa ndani ya Biblia, akitafuta kitenzi cha Luganda cha kubeba neno la Mtume Paulo. Ukimtazama kwa nje ungesema huyu ndiye aliyeshiba. Baadaye alikuja kueleza kwamba baada ya miaka mitatu ya kazi hiyo alikuwa karibu kuiacha. Naye pia alikuwa amesoma sana.

Tofauti ni kwamba Musa alikuwa na ujasiri wa kusema.

Desemba 1893 Pilkington alivuka maji kwenda kisiwa cha Kome, ndani ya Ziwa Viktoria. (Si Kome yetu ya upande wa Mwanza, hii iko karibu na pwani ya Buganda.) Alichukua Biblia na kijitabu kidogo cha mwinjilisti Mtamil wa India Kusini aliyejulikana kwa jina la David. Kisiwani hapakuwa na darasa wala tafsiri ya kusahihisha. Alikaa peke yake, akasoma, akaomba. Kuhusu yaliyotokea huko alisema machache: kwamba alitambua alikuwa akifanya kazi ya Mungu kwa nguvu zake mwenyewe, na kwamba aliomba apewe Roho Mtakatifu, akaamini kwamba amepewa. Mwanahistoria hawezi kwenda mbali zaidi ya hapo. Kisiwa tunacho, tarehe tunayo, na mtu aliyekwenda akiwa amechoka akarudi akiwa na jambo la kusema tunaye. Kilichopita kati ya mtu huyo na Mungu wake hakina faili.

Alirudi Mengo, na siku iliyofuata mikutano ikaanza kwenye kanisa kubwa la miti na matete lililokuwa juu ya kilima cha Namirembe. Walianza na habari ya Musa Yakuganda. Hapa ndipo ninapowaheshimu wale wamisionari, ambao katika kurasa nyingine wananiudhi kwa majivuno yao. Wangeweza kumfanya Musa kuwa mfano wa mtu mwovu aliyerudi nyuma; mahubiri ya aina hiyo tunayajua wote. Badala yake waliichukua kesi yake kama mashtaka dhidi yao wenyewe: kama mtu amefundishwa miaka saba na hakupata kitu, tumemfundisha nini? Wakakiri upungufu wao mbele ya watu waliozoea kuwaona kama walimu. Kisha watu wakaanza kuomba, wengi kwa wakati mmoja, kila mtu kwa maneno yake.

Hilo la maneno yake ndilo jipya. Ibada ya Kianglikana ina kitabu cha sala, nacho kilikuwepo kwa Luganda. Mtu anafungua ukurasa, anasoma, anaitikia. Sisemi kitabu cha sala ni adui. Kuna siku mtu hana maneno kabisa, na siku hiyo maneno ya mababu ni msaada mkubwa. Lakini mtu anaweza kujificha nyuma ya ukurasa maisha yake yote bila yeyote kugundua, hata yeye mwenyewe. Pale Namirembe kitabu kiliwekwa kando kwa siku chache, na watu waliojulikana kama wasomaji wakalazimika kuwa waombaji.

Kiswahili chetu kinaitunza tofauti hiyo bila sisi kuifikiria. Mkatoliki husali, Mpentekoste huomba; Mwislamu huswali, kisha akimaliza huinua mikono na kuomba dua. Kusali kuna mpangilio na saa zake. Kuomba ni neno la mtu mwenye shida: ndilo tunalotumia kwa anayeomba chumvi kwa jirani, na kwa ombaomba wa pale kituo cha daladala. Huwezi kuomba kitu ambacho unajifanya unacho.

Wanahistoria wenzangu wana maelezo yao kuhusu 1893, na si mabaya: ushindi wa Waprotestanti, hadhi ya kusoma na kuandika, machifu waliotaka walimu katika maeneo yao. Yote ni kweli. Lakini ngazi ya uchifu inaeleza kwa nini watu walikuja kanisani. Haielezi kwa nini baada ya Desemba ile vijana wengi walikubali kuondoka. Waalimu wa Kiganda walianza kutawanyika kwenda Busoga, Toro na mbali zaidi. Apolo Kivebulaya alifika Toro mwaka 1895 na mwaka uliofuata akavuka kwenda Mboga, kwenye msitu wa Kongo, mahali ambapo hapakuwa na uchifu wa kumsubiri. Alipigwa huko na kufungwa. Alizikwa hukohuko mwaka 1933. Pilkington mwenyewe aliuawa kwa risasi Busoga Desemba 1897, katika maasi ya askari wa Kisudani, akiwa ameshaona Biblia nzima ya Luganda ikikamilika.

Kanisa lililotokana na hayo lilikua haraka, na kwa kukua likarudi palepale. Kufikia miaka ya 1920 Uanglikana wa Uganda ulikuwa dini ya wakubwa: Kabaka, mawaziri, shule, hospitali, kanisa kuu la matofali juu ya kilima kilekile. Watu walisoma tena. Mwaka 1929 Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa mfanyakazi wa idara ya afya ya serikali, alikutana Namirembe na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyetoka Gahini, Rwanda, akiwa amechoshwa na njaa kubwa iliyowaua wagonjwa wake. Wote wawili walikuwa Wakristo wazuri kwa kipimo chochote cha nje. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba, Mwafrika na Mzungu, jambo ambalo katika Kampala ya kikoloni halikuwa dogo. Church akarudi Gahini. Nsibambi akaacha kazi ya serikali ili ahubiri. Mdogo wake, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha, na mwaka 1935 alijifungia kwenye kibanda karibu wiki nzima akiomba. Alipotoka alikuwa na neno moja, *Zukuka*, amka. Januari 1936 alikuwa amefika Kampala akiwa na hoja zake kwa ajili ya sinodi, akashikwa na homa, akafa. Neno likabaki.

Hawa ndio Balokole, waliookoka. Neno "mlokole" ambalo sisi tunalitumia leo, nusu kwa utani, kwa mtu yeyote anayekataa bia kwenye sherehe, lilivuka mpaka kutoka kwao, pamoja na uamsho wenyewe uliofika Bukoba na kwingineko Tanganyika, na Kenya pia.

Tukio lao ninalolipenda kuliko yote si mkutano mkubwa. Ni ugomvi wa chuoni. Mwaka 1941, katika Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker, Mukono, kikundi cha wanafunzi wa uchungaji, mmoja wao akiwa William Nagenda, aliyewahi kuwa karani wa serikali, walikuwa wakiamka saa kumi alfajiri kuomba pamoja na kuhubiri. Walisema wazi kwamba chuoni kuna wizi na uzinzi, na kwamba baadhi ya walimu wanafundisha Biblia bila kuiamini. Mkuu wa chuo, J. C. Jones, aliweka kanuni za kuwazuia. Wakakataa kuziahidi. Oktoba mwaka huo wanafunzi 26 walifukuzwa.

Chuo cha kuwaandaa wachungaji kimefukuza watu kwa kuomba: ukiisema hivyo, kejeli inajiandika yenyewe. Lakini nimeishi bwenini, nami ninamwonea huruma mkuu wa chuo. Jirani anayekuombea kwa sauti kubwa saa kumi alfajiri, akitaja dhambi zako huku umelala, si rahisi kumpenda. Yesu mwenyewe alifundisha kwamba anayeomba aingie chumbani na kufunga mlango. Wale 26 walikuwa wameufungua mlango na kuwaita wengine waingie, nao hawakuwa wameomba kuitwa. Kuna kiburi kinachokaa hapohapo kwenye magoti ya mwombaji, na Balokole hawakuwa salama nacho.

Kinachonifanya nisimame upande wao ni yaliyofuata. Kwanza, hawakuanzisha kanisa lao. Walifukuzwa, na Jumapili wakarudi kwenye mabenchi ya kanisa lilelile, kwenye kitabu kilekile cha sala. Nagenda hakuwahi kupewa upadri maisha yake yote. Alihubiri kama mtu wa kawaida, Afrika Mashariki, Ulaya na kwingineko, hadi alipofariki mwaka 1973. Pili, maombi yao yalikuwa na gharama mchana. Katika habari za uamsho, kutoka Gahini hadi Kigezi na Bukoba, jambo moja linajirudia hadi linachosha kulisoma: watu wanarudisha vitu. Fedha za mwajiri, mali ya hospitali, ng'ombe wa jirani, kodi iliyokwepwa. Mtu anaomba usiku, asubuhi anaonekana njiani na kitu kisicho chake anakirudisha kwa mwenyewe. Maombi ya saa kumi yanaweza kuwa maonyesho. Ng'ombe anayerudishwa saa nne asubuhi, mbele ya mwenye ng'ombe na jirani zake, ni vigumu kumwita maonyesho.

Unyofu nao, hata hivyo, huzeeka. Kizazi cha kwanza kilipolia na kukiri, kilikuwa kinavunja kanuni. Kizazi cha pili kilijua ni wakati gani wa kulia. Kukiri kukapata mtiririko wake na maneno yake yaliyozoeleka, na ndugu wakaanza kupimana: huyu amekiri kikamilifu, huyu bado. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la Waliozinduka, likiongozwa na Yona Mondo, lilijitenga na ndugu wengine, likiona wamepoa, na lilikuwa na masharti makali, hata juu ya kukopa. Walikuwa wametupa kitabu kilichoandikwa na kujikuta na kitabu kisichoandikwa, ambacho ni kigumu zaidi kukipinga kwa sababu hakuna ukurasa wa kuunyooshea kidole.

Kitabu hicho tunacho hadi leo. Mtu yeyote aliyekulia katika makanisa yetu ya mjini anaweza kuomba dakika kumi bila kufikiri, sauti ikipanda na kushuka mahali panapotakiwa. Na faida imerudi kwa mlango mwingine: mafuta ya upako, mbegu unayoipanda kwa sadaka ili uvune ajira au visa. Nimewasikia wasomi wenzangu wakiwacheka wanaopanga foleni kwenye mikutano hiyo. Mimi siwezi kuwacheka. Anayeomba kazi kwa sababu hana kazi anaomba kweli. Shida yake ni halisi na anaisema kama ilivyo. Ninayemtilia shaka ni yule aliyeko jukwaani, asiyeomba chochote, kwa sababu anajifanya anacho tayari.

Hakuna mahali jambo hili linauma kama Rwanda. Gahini, mlima ule ambao Kigozi alijifungia kibandani, uko Rwanda. Nchi hiyo ilikuwa chimbuko la uamsho uliozunguka dunia, na mwaka 1994 ilikuwa nchi ya Wakristo, Wakatoliki kwa Waprotestanti. Watu walikimbilia makanisani Ntarama na Nyamata wakauawa humohumo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa, walioimba kwaya, waliojua sala zote kwa moyo. Wapo wanaosoma historia hii na kuhitimisha kwamba sala haikuwa kitu tangu mwanzo. Ninauelewa uamuzi huo na siwezi kuupuuza kwa kusema tu kwamba wale hawakuwa Wakristo wa kweli. Hiyo ni njia rahisi mno ya kusafisha hesabu. Walikuwa wamesoma. Wengi walikuwa wamesoma zaidi ya miaka saba.

Lakini katika nchi hiyohiyo alikuwako Israel Havugimana, Mhutu, kiongozi wa tawi la Rwanda la African Evangelistic Enterprise, huduma ambayo Askofu Festo Kivengere, mlokole wa Kigezi aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, aliiongoza kwa upande wa Afrika Mashariki. Havugimana alijulikana kwa kuwakutanisha Wahutu na Watutsi waombe pamoja na kuelezana waziwazi walichokuwa nacho moyoni dhidi ya wenzao, wakati ambapo redio ilikuwa inafundisha kinyume. Alionywa aache. Hakuacha. Ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, na kulipopambazuka wauaji walikuwa tayari wanakwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na orodha. Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza.